Zamu ya Kushika Ardhi: Ukoo wa Acland na Baroneti Aliyeiachia Mali Yake



Niliombwa nizungumze juu ya maisha ya wenye ardhi wa Uingereza, wale waliobeba cheo cha baroneti. Mada hii ni pana, na mtu akitaka kuivua yote kwa wavu mmoja atarudi na mapovu. Nimeona afadhali nishike ukoo mmoja, niufuate tangu shina hadi matawi, kwa sababu ukoo mmoja ukijulikana vizuri hufundisha kuliko koo mia zilizotajwa majina tu. Nimeuchagua ukoo wa Acland wa Killerton, katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza.

Naanzia karibu na mwisho wa kisa. Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinaunguruma, Sir Richard Acland, baroneti wa 15 wa ukoo huo, aliamua kuiachia ardhi aliyorithi kwa baba yake miaka mitano tu nyuma. Ilikuwa zaidi ya ekari 16,000, yaani kama kilomita za mraba 65. Ndani yake mlikuwa na mashamba, misitu, vijiji, mito na nyumba kubwa ya familia. Hakuwa mzee anayejitayarishia kaburi. Alikuwa na umri wa miaka 37, ana mke na watoto. Ardhi ile ikapita mikononi mwa National Trust, yaani Amana ya Taifa, na kwa wakati ule shirika hilo lilikuwa halijapata kupokea ardhi kubwa kama hiyo kutoka kwa mtu mmoja.

Tajiri anayetoa fungu katika mali yake tunamjua. Misikiti, makanisa na shule zetu zimejengwa na watu kama hao. Anayetoa shina lenyewe, lile linalompa jina, ni nadra. Ni kitu gani kilimfikisha huko? Nitakayoyasema jioni hii yanazunguka jibu moja: kwamba ukoo ule, kwa karne nyingi na bila kukusudia, ulikuwa ukimfundisha kwamba ardhi haimilikiwi. Ardhi hushikwa kwa zamu.

Baroneti ni nani?

Cheo hiki kilianzishwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611, na sababu yake ilikuwa fedha. Mfalme alihitaji askari wa kushika jimbo la Ulster, kaskazini mwa Ireland, na hazina yake haikutosha. Akawaambia wenye ardhi wa nchi yake kwamba mwenye pato la pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na ardhi, akilipia askari 30 kwa miaka mitatu, jumla pauni 1,095, atapewa cheo. Ataitwa Sir, na atakapokufa mwanawe mkubwa wa kiume ataitwa Sir, na mjukuu vivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi.

Baroneti si lodi. Cheo chake hakimpi kiti katika Baraza la Malodi. Akitaka kuingia bungeni sharti aombe kura kama raia wengine. Huyu ni mwinyi wa mashambani. Anaijua mifugo yake na anawajua wapangaji wake kwa majina. Jumapili hukaa kanisani kwenye benchi la familia, juu ya makaburi ya babu zake.

Chini ya cheo hicho ilikuwapo desturi ya urithi ambayo ni lazima tuielewe. Sisi wa pwani tumezoea mirathi ambayo kila mtoto ana fungu lake, wa kiume na wa kike. Kwa wenye ardhi wa Kiingereza haikuwa hivyo. Ardhi yote ilikwenda kwa mwana mkubwa wa kiume. Wadogo zake walitafuta riziki jeshini, baharini, kanisani au katika sheria, na mabinti walipewa mahari ya kuolewa nayo. Tukiiangalia haraka tutasema ni dhuluma, na kwa mtoto wa pili kweli ilikuwa dhuluma. Lakini tazameni ilivyomfunga hata huyo mkubwa. Kwa kawaida familia ziliandika hati za kumzuia asiuze. Alikula mapato ya ardhi maisha yake yote, na ardhi yenyewe ilimngoja mwanawe. Kwa hiyo mtu aliyeonekana mmiliki wa kila kitu alikuwa, kwa kweli, mlinzi wa lango.

Shina la ukoo

Akina Acland walitoka Landkey, kaskazini mwa Devon, walikokaa tangu karne ya 12. Mwaka 1644, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, John Acland alisimama upande wa mfalme, na nyumba yake ya Columb John ikawa ngome ya askari. Hapo ndipo alipopewa ubaroneti. Mfalme aliposhindwa, waliomuunga mkono walitozwa faini ili wabaki na mashamba yao, na Acland alikuwa miongoni mwao. Leo pale Columb John pamebaki kikanisa na lango la kale. Familia ilihamia Killerton, kwenye kilima kilicho jirani, kaskazini mashariki mwa mji wa Exeter.

Ndoa ndiyo iliyoukuza ukoo huu kuliko upanga. Mwaka 1745 Sir Thomas, baroneti wa saba, alimwoa Elizabeth Dyke, binti aliyerithi mashamba makubwa ya Holnicote katika kaunti ya Somerset, kwenye nyika na vilima vya Exmoor. Ndiyo maana hadi leo jina lao la kati ni Dyke. Mume alipokea ardhi ya mke, na mke akaacha jina lake ndani ya majina ya watoto wa kiume. Katika miaka ya 1870 na 1880, wenye ardhi wa Uingereza walipoorodheshwa, ardhi ya akina Acland katika Devon, Somerset na Cornwall ilikuwa karibu ekari 40,000.

Sir Thomas huyo alikuwa mwindaji wa kulungu. Nyumba ya Holnicote iliungua mwaka 1779, na inasimuliwa kwamba alisikitikia mapembe ya kulungu yaliyopamba kuta zake kuliko vyombo vya fedha vilivyoyeyuka motoni. Huyo ni mwinyi wa zama zake. Lakini ndiye pia aliyemwajiri kijana wa Kiskoti, John Veitch, aje kuipanga bustani ya Killerton. Kijana yule akaanzisha kitalu cha miche, na katika karne iliyofuata kampuni ya kizazi chake ilituma watu hadi Amerika na Asia kutafuta mimea mipya. Nyumba ya Killerton yenyewe, iliyojengwa miaka ya 1778 na 1779, ilikusudiwa iwe ya muda tu. Walitaka kujenga jumba kubwa zaidi juu ya kilima. Halikujengwa, na hiyo ya muda ndiyo iliyodumu.

Wanawake wawili

Historia za mabaroneti huandikwa kama orodha ya akina baba. Naomba tusimame kwa wanawake wawili.

Wa kwanza ni Lady Harriet, mke wa John Dyke Acland, mwana mkubwa wa huyo mwindaji. John alikuwa afisa katika jeshi la Uingereza lililopigana na Wamarekani waliodai uhuru wao, na Harriet akavuka bahari pamoja naye. Tarehe 7 Oktoba 1777, katika mapigano ya Saratoga, John alipigwa risasi za miguu yote miwili akatekwa. Harriet alikuwa mjamzito. Alimwomba Jenerali Burgoyne, kamanda wa jeshi lao, ruhusa ya kwenda kwa adui kumuuguza mumewe. Jenerali alishangaa, akaandika barua fupi kwa mwenzake wa upande wa pili, akamwacha aende.

Alishuka Mto Hudson usiku, kwenye mashua ndogo, mvua ikinyesha. Aliandamana na kasisi wa jeshi, mjakazi wake, na mtumishi wa mumewe ambaye naye alikuwa amejeruhiwa. Mbele yao kulikuwa na giza na walinzi wenye bunduki wasiojua ni nani anayekuja. Walipaza sauti kutoka majini wakaeleza shida yao, wakapokewa. Harriet alimuuguza mumewe akapona majeraha yale, wakarudi nyumbani, lakini John alifariki mwaka 1778, kabla ya baba yake. Mwana wao, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1778, alirithi ubaroneti kwa babu yake mwaka 1785 akiwa na miaka saba, akafa kabla mwaka haujaisha. Cheo kikaenda kwa baba mdogo. Hivyo ndivyo zamu ilivyo. Hakuna anayejua yake itadumu miezi au miongo.

Wa pili ni Lydia Hoare, binti wa familia ya wenye benki, aliyeolewa mwaka 1808 na Sir Thomas wa kumi. Mchoraji maarufu Thomas Lawrence alimchora pamoja na wanawe wawili wadogo. Alipoolewa, mumewe alimjengea kijumba cha mapumziko bustanini Killerton. Ukiingia humo utazame chini kwanza. Sakafu ya chumba kimoja imepangwa kwa vifundo vya mifupa ya kulungu, kimoja baada ya kingine, vimekanyagwa mpaka vikang'aa. Baadaye mtu wa familia alileta dubu kutoka Kanada, akafugwa humo humo, na kijumba kikabaki na jina la dubu.

Baroneti mwema, na mipaka ya wema wake

Sir Thomas wa kumi alirithi mwaka 1794 akiwa na miaka saba, akafa mwaka 1871. Alikuwa baroneti kwa miaka 77. Alikuwa mbunge, mtu wa dini, rafiki wa William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na aliunga mkono Wakatoliki wapate haki za kiraia wakati ambapo msimamo huo ulimgharimu kura.

Mwaka 1828 alijenga nyumba za wazee wa mashamba yake waliostaafu, katika kijiji cha Selworthy. Zipo hadi leo, zimezunguka kiwanja cha majani, paa zimeezekwa kwa mabua, kuta zimepakwa chokaa ya rangi ya siagi. Juu ya nyumba hizo kuna msitu alioupanda Sir Thomas mwenyewe, na wenyeji husimulia kwamba kila mtoto wake alipozaliwa alipanda eneo jipya la miti. Alijua kwamba miti mingine ya namna ile aliyeipanda hakai kivulini mwake.

Upande wa Devon nyumba nyingi za wapangaji zimejengwa kwa udongo. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu hudhani nyumba ya udongo ni alama ya ufukara wetu peke yetu. Fundi wa Devon alichanganya udongo, mabua na maji, akaukanyaga kwa miguu, akaupandisha ukuta tabaka kwa tabaka, akingoja kila tabaka likauke. Ukuta unene wake ni kama urefu wa mkono. Kijijini Broadclyst, ndani ya ardhi ya Killerton, ipo nyumba ya udongo ya tangu karne za kati, na bado imesimama. Wenyeji wana msemo kwamba nyumba ya udongo haidai zaidi ya kofia nzuri na viatu vizuri: paa lisilovuja juu, na msingi wa mawe chini. Ukiipa hivyo viwili, itakuzika.

Baroneti alikuwa kofia ile. Alipokuwa mwema, paa lilirekebishwa, mzee alipata pa kulala, kijiji kikawa na shule. Lakini tuseme ukweli wote. Mpangaji hakuwa na kura juu ya kofia yake. Baroneti angekuwa mkatili, au mlevi, au mcheza kamari, mpangaji angelowa mvua, na hakuwa na pa kushtaki. Wema wa mwinyi ulikuwa bahati, na bahati si haki. Sir Thomas hakuliona hilo. Ilichukua vizazi vinne hadi mtu wa damu yake kuliona na kulisema hadharani.

Elimu, na uzi unaotufikia sisi

Watoto wa Sir Thomas na wajukuu zake waligeukia utumishi. Mwanawe Henry akawa profesa wa tiba Oxford na mmoja wa walioupigania ujenzi wa makumbusho ya sayansi ya chuo hicho. Ila mimi, kama mwalimu, namtazama zaidi mwanawe mkubwa, Thomas, aliyekuja kuwa baroneti wa 11.

Kabla hajarithi, Thomas aliona kwamba shule za watoto wa wakulima na wafanyabiashara wa mikoa ile hazikuwa na kipimo. Kila mwalimu mkuu alijisifia mwenyewe, na mzazi hakujua amlipe nani. Mwaka 1857 yeye na wenzake walifanya mtihani wa majaribio mjini Exeter. Maswali yakawa mamoja kwa watoto wa shule tofauti, na wasahihishaji wakatoka nje ya shule hizo. Chuo Kikuu cha Oxford kikaichukua kazi hiyo, na mwaka 1858 mitihani yake ya shule ikaanza. Mwaka huo huo Cambridge nao wakaanza ya kwao.

Hapo, ndugu zangu, uzi unafika mlangoni petu. Baba yangu alihifadhi cheti chake cha Cambridge ndani ya sanduku la bati, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, chini ya nguo za Idi. Sisi watoto tuliruhusiwa kukitazama, si kukishika. Wazee wetu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar waliosoma sekondari zama za ukoloni walifanya mtihani huo wa Cambridge, maswali yakija kwa meli na majibu yakirudi kwa meli, hadi nchi zetu zilipounda mabaraza yao ya mitihani. Hapa Tanzania baraza letu liliundwa mwaka 1973. Mtihani wa Exeter wa mwaka 1857 na ule wa sanduku la baba yangu ni ndugu wa tumbo moja.

Baroneti wa 12, Sir Charles, hakupata mtoto. Mwaka 1917 aliikodisha kwa National Trust sehemu kubwa ya ardhi yake ya Exmoor kwa muda wa miaka 500, ili isije ikaharibiwa. Pima urefu wa muda huo. Mtu asiye na mtoto aliweka ahadi ya karne tano. Mdogo wake, Sir Arthur wa 13, aliwahi kuwa kasisi akaacha, akaingia siasa, na tangu 1892 hadi 1895 alisimamia elimu katika baraza la mawaziri. Sheria ya mwaka 1893 iliyopandisha umri wa kuacha shule hadi miaka 11 ilipita wakati wake. Mwanawe, Sir Francis wa 14, aliongoza kamati ya misitu wakati wa vita vya kwanza vya dunia, nchi ilipokosa mbao. Mapendekezo yake yakazaa Tume ya Misitu mwaka 1919. Mke wa Francis, Eleanor, alipigania haki ya wanawake kupiga kura.

Katika nyumba hiyo ndimo alimozaliwa Richard, mwaka 1906.

Sir Richard

Richard Acland alisomea Oxford, akawa mwanasheria, na mwaka 1935 akachaguliwa mbunge wa Barnstaple kwa tiketi ya Waliberali, chama cha baba yake. Mwaka uliofuata alimwoa Anne Alford, aliyekuwa msanifu wa majengo. Katika miaka hiyo hiyo imani yake ya Kikristo iliwaka upya, ikampeleka mahali ambapo chama chake hakikuwa tayari kwenda. Alifikia kuamini kwamba mali kubwa, hasa ardhi na viwanda, inapaswa kuwa ya watu wote. Baba yake alifariki mwaka 1939. Richard akawa baroneti na mwenye mashamba katika mwaka ule ule ambao vita vilianza.

Mwaka 1940 alichapisha kitabu kidogo cha bei nafuu kilichouzwa kwa wingi sana, akieleza kwamba haina maana kupigana na udhalimu ughaibuni huku jamii ya nyumbani imejengwa juu ya tamaa. Mwaka 1942 yeye na mwandishi J. B. Priestley waliunganisha makundi yao wakaanzisha chama kipya, Common Wealth, jina ambalo kwa Kiswahili chetu ni Mali ya Wote. Vyama vikubwa vilikuwa vimekubaliana visishindane katika chaguzi ndogo wakati wa vita. Chama kipya kikaingia katika pengo hilo, kikashinda Eddisbury mwaka 1943, Skipton mwaka 1944 na Chelmsford mwaka 1945.

Lakini jukwaani Richard alikuwa na mzigo. Mtu anayehubiri mali ya wote anaweza kuulizwa na yeyote aliyeketi nyuma ya ukumbi: na yako je? Wahubiri wengi wa usawa wamelikwepa swali hilo kwa maneno matamu. Richard hakulikwepa. Mwaka 1944 Killerton na Holnicote zikapita kwa National Trust. Imani yake ilikuwa sababu kubwa. Haikuwa peke yake. Alitaka pia mashamba yale yabaki pamoja, yasikatwe vipande vipande na madeni na soko. Sioni kwamba sababu ya pili inaichafua ya kwanza. Anayependa kitu hukitafutia pa kukaa.

Nalo shirika alilolichagua linahitaji maelezo. National Trust iliundwa mwaka 1895 na watu watatu: Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Si idara ya serikali. Sheria ya Bunge ya mwaka 1907 iliipa uwezo wa kutangaza ardhi yake kuwa isiyouzika, hata wakurugenzi wake wenyewe wasiweze kuiuza baadaye. Msikilizaji wa Zanzibar, Mombasa au Lamu hahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Sisi tunalo neno lake, nalo ni wakfu. Mwenye mali huiweka wakfu, mali ikasimama, manufaa yakatembea.

Gharama ya msimamo

Uchaguzi mkuu wa mwaka 1945 ulipokuja, chama cha Leba kiliibuka na ushindi mkubwa, na Common Wealth kikabaki na mbunge mmoja tu. Richard mwenyewe alishindwa. Alijiunga na Leba, akarudi bungeni mwaka 1947 kupitia jimbo la Gravesend. Mwaka 1955, chama chake kilipokubali Uingereza itengeneze bomu la haidrojeni, alijiuzulu ubunge ili awaulize wapiga kura wake moja kwa moja. Uchaguzi mkuu ukaitishwa, akasimama peke yake bila chama, akashindwa.

Baada ya hapo mwenye ardhi wa zamani alishika chaki. Alifundisha shule jijini London, kisha chuo cha ualimu cha St Luke's mjini Exeter, hadi mwaka 1974. Mwinyi wa zaidi ya ekari 16,000 alikuwa mwalimu anayesubiri mwisho wa mwezi kama sisi. Alifariki Novemba 1990, siku chache kabla ya kutimiza miaka 84. Mkewe Anne ndiye aliyeiandika historia ya ukoo, kitabu kilichotoka mwaka 1981. Cheo cha baroneti hakikuondoka pamoja na ardhi. Mwanawe mkubwa, John, alikirithi kama desturi.

Je, aliwapa watu?

Sasa nifike kwenye swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, nami sipendi kulipita kwa haraka. Wapangaji wa Killerton walikuwa wapangaji wa Acland, wakawa wapangaji wa National Trust. Waliendelea kulipa kodi. Hakuna mkulima aliyeamka asubuhi akaambiwa shamba hili ni lako. Je, basi, Sir Richard aliwapa watu ardhi, au alibadilisha jina la mwenye ardhi?

Kipimo kikiwa ni hati mkononi mwa mkulima, hakutoa. Hilo tulikubali. Lakini angegawa kila mtu kipande chake, kwa nguvu ya soko la nchi ile vipande vile vingeuzwa, vikanunuliwa na wenye fedha, na baada ya vizazi viwili mwinyi mwingine angekuwa amekaa juu ya kilima. Alichofanya ni kukata mnyororo katika pete yake mwenyewe. Tangu siku ile, hatima ya msitu wa Horner, ya nyika zinazopanda hadi kilele cha Dunkery chenye mita 519, na ya zile kuta za udongo haitegemei tena kama mtoto wa kwanza wa kiume atazaliwa mwema au mbaya.

Ardhi ile nayo inaendelea kuishi. Januari 2020 waliachiwa huko Holnicote mabiva, wale wanyama wa mtoni wenye meno ya kukata miti, waliokuwa wamewindwa hadi kuisha nchini humo karne nyingi zilizopita. Wakaanza kuziba vijito kwa matawi na tope, maji yakatuama, ardhi ikanywa. Pale ambapo mababu wa Richard waliwinda kulungu kwa mbwa, watu wasio na tone la damu ya Acland wanakwenda kwa miguu na watoto wao kutazama mnyama akifanya kazi yake.

Ndugu zangu, nilisema mwanzoni kwamba ukoo wenyewe ulimfundisha Richard. Desturi ya urithi ilimwambia kwamba wewe ni mlinzi tu, linda kwa ajili ya anayekuja. Sir Thomas aliyepanda misitu, Sir Charles aliyeweka ahadi ya miaka 500, na Arthur aliyewaongezea watoto wa maskini mwaka wa shule, kila mmoja alilipanua kidogo jibu la swali moja: anayekuja ni nani? Kwa wa kwanza alikuwa mwanangu. Kwa wa mwisho alikuwa mtu yeyote.

Wengi wetu humu ukumbini tumeshika kitu kwa zamu. Mmoja ameshika shamba la ukoo, mwingine ofisi, mwingine darasa, mwingine kiti. Tutakapokuwa tukitoka jioni hii, naomba kila mmoja atazame paa la alichokishika, kama linavuja, na ajiulize kama anayeketi chini yake ana pa kushtaki.